Mahari, Si Mahali

Baba yangu alikuwa fundi cherehani mjini Jinja, lakini kazi aliyoipenda hasa ilikuwa kuwahukumu mahakimu. Vita vilipokwisha, watu walirudi wakakuta wengine ndani ya nyumba zao, na kesi zikajaa magazetini. Kila hukumu Baba aliisoma kwa sauti, mteja amesimama akingoja suruali yake. "Hapa hakimu ameteleza," alikuwa akisema. Nilimpenda sana kwa ujuaji ule, ingawa ulituchelewesha kazi.

Kisha kesi ikaingia kwetu. Shangazi, dada yake Baba, aliikimbia nyumba yake ya Mbale, chini ya mlima Wanale, akajihifadhi na mumewe katika mji mdogo wa Buwenge. Mume akafia huko. Aliporudi alimkuta shemeji yake, mdogo wa marehemu, amehamia, maana nyumba yake mwenyewe ilichomwa vitani. Shemeji akadai nyumba ni ya kaka yake, kwa hiyo ni ya ukoo. Shangazi hakuwa na hati, wala pengine pa kwenda.

Nilikwenda na Baba mahakamani. Hakimu alisikiliza kwa Kiingereza, akisaidiwa na mkalimani, mzee mpole wa mlimani ambaye r na l kwake zilikuwa kitu kimoja. Shangazi akasema, "Bwana hakimu, ile nyumba ni mahari yangu." Mkalimani akatafsiri kwamba nyumba ile ni mahali anapokaa. Wa pwani wangesema "mahali pangu", na kosa lingeonekana. Kwetu yote ni "yangu" tu. Hakimu akaandika, akafunua ukurasa mwingine.

Nikamtazama Baba. Kiingereza alikijua, na kosa alilisikia. Lakini miaka ile Kiswahili kilihesabiwa lugha ya wanajeshi walioshindwa; ukikisema kwa sauti mbele ya serikali, watu walikuona mwanajeshi aliyesahau kutoroka, na kwetu kweli babu alikuja na jeshi. Baba akainamia viatu vyake. Nilimkasirikia hadi machozi yakanilenga.

Ghafla akasimama. "Afande!" akamwita hakimu, na chumba kizima kikaguna. Jasho lilimtoka, lakini hakukaa. "Samahani, bwana hakimu. Sio mahali. Mahari. Ile bwana anapea bibi yake siku ya nikahi."

"Ndiyo," mkalimani akaitikia kwa upole, "nimesema hiyo. Mahali."

Watu wakacheka, hakimu naye, sasa ameelewa, akacheka. Kisha akamuuliza Shangazi nani aliyeona akipewa. Shangazi akamwonyesha shemeji yake. "Uliza huyu. Yeye ndiyo alikuwa shahidi."

Shemeji alisimama. Angeweza kukana, maana shekhe aliyewaozesha alishakufa, na sisi hatukuwapo siku ile. "Ni kweli," akasema. "Kaka alimupatia nyumba. Mimi nilikuwa hapo."

Hukumu ilikuwa fupi: nyumba ni ya Shangazi, shemeji ahame. Tulipofika kwenye nyumba ile, shemeji tayari alikuwa anatoa godoro lake uani, peke yake.

"Rudisha hiyo ndani, shemeji," Shangazi akamwambia. "Chumba ya nyuma ni yako."

Baba akawaka. "Hukumu imesema atoke! Mimi nimesikia!"

"Hukumu imesema nyumba ni yangu, kaka. Sasa nikitaka kupea mtu chumba, nirudi tena kwa hakimu?"

Baba akashika upande mmoja wa godoro.