Kabari Iliyobaki Bila Kazi

Kila Mhindi wa Kenya ana babu aliyenusurika simba wakati wa kujenga reli. Wetu, baba yake babu yangu, hakuona simba hata mmoja. Aliona kiu, mbu na tumbo la kuhara, na kazi yake kutoka Mombasa hadi ziwani ilikuwa moja tu: kugongomea kabari za chuma zinazobana reli kwenye mataruma. Reli ilipofika ziwani, mkononi mwake ikabaki kabari moja isiyo na pa kugongomewa. Akaja nayo Kisii. Hatuna picha yake, wala kaburi lake hatulijui. Tuna kabari hiyo tu, na baba yangu huilinda kuliko anavyojilinda mwenyewe, yeye mtu wa presha asiyekumbuka dawa.

Mwaka jana ilipotea.

Duka letu la vifaa vya ujenzi lina siku moja kwa mwaka ambayo hatuuzi hata msumari. Ni Dasera, siku ya vyombo vya kazi kupumzika. Baba hutandika kitambaa kwenye kaunta, akavipanga vyote, kila kimoja akakipaka nukta nyekundu na kukiwekea ua. Hata vya wateja vilivyoletwa kunolewa hulala hapo, maana kwake chombo ni chombo. Kabari ya babu hukaa katikati.

Mwaka jana iliangukia Alhamisi, na jioni alikuja mchongaji wa mawe kutoka Tabaka, mteja wetu wa miaka mingi, kuchukua kabari yake anayopasulia mawe. Baba, miwani ikiwa mfukoni, alimwambia ajichukulie pale kitambaani. Kisha, bado bila miwani, akairudisha iliyobaki kwenye rafu ya taa ya ibada.

Jumamosi asubuhi alivaa miwani. Iliyokuwa rafuni ni ya mchongaji.

Alikaa chini. Alikataa chai, akakataa dawa, akasema chuma cha kale namna ile kikipigwa kitapasuka tu. Mimi sikuhofia chuma, nilihofia moyo wake. Simu ya mchongaji ilikuwa imezimwa, na hapo nikakumbuka kwamba yeye ni Msabato. Nikamtia baba garini, na kabari ya watu mapajani, tukaenda kungoja nje ya kanisa huko Tabaka. Mahubiri yalikuwa marefu, nami nilimkasirikia kila aliyesema amina na kumwongezea mhubiri nguvu.

Mchongaji alipotoka na suti yake nikamweleza. Akakiri kwamba aliichukua chini ya maua bila kuitazama, na Ijumaa aliigonga mchana kutwa kule machimboni. Akatupeleka kwake, akisema Sabato hafanyi kazi, ila kurudisha mali ya mtu si kazi. Akaitoa nyuma ya mlango.

Kutu yote ilikuwa imetoka. Kichwa kilikuwa kimebonyea na kung'aa, ncha ikiwa nyeupe kwa vumbi la mawe.

"Haikupasuka?" baba aliuliza.

"Imepasua mawe, mzee, lakini yenyewe haina hata ufa. Hii ni chuma ya ukweli, inashinda yangu."

Baba alipitisha kidole gumba juu ya kile kichwa, mara ya kwanza, mara ya pili. Nilijiandaa kwa machozi. Badala yake alicheka, akacheka hadi akaniegemea begani. Aliniambia kwamba babu yake alikufa akiisikitikia kabari ile. Zile nyingine zote zilibeba treni, hii pekee haikuwahi kuonja nyundo.

"Mbuya mono," alimshukuru mchongaji kwa Ekegusii, ambacho anakisema vizuri kuliko mimi. Akaomba maji, akameza dawa zake bila kusukumwa.

Nilinyoosha mkono nichukue kabari ya babu twende zetu. Baba akaniwahi, akaiweka kiganjani mwa mchongaji.

"Kaa nayo," alisema. "Dasera ikifika uilete ipumzike."

Tulirudi Kisii na ile ya mchongaji.