Mama Aliyeshika Saa

Corinne Hruska ni jirani yangu hapa Kearney. Kwa miaka mingi amekuwa akichapa hati za mawakili huku akijua moyoni kwamba kesi zile hata yeye angeziweza. Alipopita umri wa miaka arobaini akaamua liwalo na liwe, atasoma sheria. Mwaka huohuo mama yake, Vlasta, akapata kiharusi. Mkono wa kulia ulilala, mguu ukawa wa kuburuta, ila akili ilibaki timamu, na ulimi vilevile. Kaka yake Corinne, Wade, alikuja kutoka Denver na maua, akakaa Jumamosi na Jumapili, akarudi kwake.

Tangu hapo Corinne akawa mtu wa ofisini na nyumbani tu. Ukimwalika kwenye karamu ya samaki ya kanisani Ijumaa za Kwaresima, anakuuliza, "Na mama je?"

Wakati ule mtihani wa kuingilia chuo cha sheria ulikuwa na sehemu ya mafumbo ya mantiki. Watu saba wamepanga foleni: Olga hasimami karibu na Pavel, Greta yuko mbele ya Hank, je, nani anaweza kuwa wa tatu? Mafumbo manne ya namna hiyo, kwa dakika thelathini na tano. Corinne hakuwa akikosea. Tatizo lake lilikuwa mwendo. Kila jibu alilirudia kulihakikisha, kama mtu anayerudi mlangoni kuona kama kweli amefunga, na muda ukaisha yuko kwenye fumbo la pili.

"Lakini unayaweza," nilimwambia.

"Kuyaweza si kitu. Hawa wanataka mbio."

Alijizoeza kwenye meza ya jikoni, uso ukutani, ili asione vyombo. Vlasta alikaa nyuma yake kwenye kiti chake, na saa ya kupikia mapajani, ile unayoizungusha ikalia dakika zikiisha. Corinne ndiye aliyempa kazi hiyo, apate la kufanya. Vlasta aliizungusha kwa mkono wa kushoto, na ikilia husema, "Weka kalamu chini."

"Bado sijamaliza, mama."

"Saa haimsubiri mtu, mwanangu. Labda hii si kazi yako."

Corinne akabadili mbinu. Akawa anachora foleni kwanza, anaunganisha masharti yote kabla ya kugusa swali, na lisilowezekana analikata mapema. Swali likimkatalia, analiruka. Hilo la kuruka lilimuuma kuliko yote, maana alilelewa kumaliza kilichoko kwenye sahani. Hata hivyo akafika fumbo la tatu. Lakini la nne likawa ukuta. Majira yote ya baridi saa ilimkamata palepale, na theluji ilifika kwenye kingo za madirisha. Aliniambia anahisi yeye ndiye yule wa kwenye foleni, ambaye kila nafasi ina sharti linalomzuia.

Jumamosi moja nilikaa na Vlasta, Corinne akaenda na karatasi zake maktaba. Alirudi, akasimama jikoni koti likiwa bado limefungwa vifungo.

"Nimemaliza yote manne," akasema taratibu. "Nikabaki natazama ukuta, muda bado upo. Nikadhani saa yao imekufa, nikamuuliza mkutubi, akanionyesha yake. Zilikuwa sawa."

Akaichukua saa ya kupikia, akampa mama yake. "Hebu nitegee kama kawaida."

Vlasta akaizungusha. Corinne akainama, akatazama.

"Hii ni thelathini, mama, si thelathini na tano."

"Macho yangu siku hizi..." Vlasta akaigeuza saa mapajani. "Hapana. Macho yangu ni mazima."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Nilisema moyoni, ukishindwa vya kutosha utachoka. Ukienda, mimi nabaki na nani? Na Wade na maua yake?"

Corinne hakupaza sauti. Alitoka, akachukua koleo, akasafisha theluji ya njia yao, kisha ya kwangu, kisha ya mzee wa ng'ambo ya barabara ambaye hata hawasemezani. Aliporudi alimpashia mama yake supu, akamlisha. Yeye hakula.

Mtihani alifanya, na mafumbo yote aliyamaliza. Alama zikatoka nzuri, chuo cha mji wa Lincoln, mwendo wa saa mbili kwa gari, kikamkubali. Wade akapiga simu kupongeza. "Sasa mpeleke nyumba ya wazee," akasema.

"Njoo umwambie mwenyewe."

Hajaja. Mhudumu wa kwanza aliyeletwa kumtunza nyumbani, Vlasta alimfukuza kabla ya chakula cha mchana. Corinne akaomba chuo kimshikie nafasi mwaka mmoja, kikakubali. Vlasta, aliposikia, akasema, "Nenda tu. Nimeshakukosea vya kutosha."

"Usiku atakuinua nani?"

"Sijui."

"Basi usiniambie niende mpaka ujue."

Mwezi uliopita walikwenda Lincoln pamoja kutazama nyumba ya kupanga isiyo na ngazi, ya kukaa wote wawili. Vlasta alirudi akilalamika kwamba jiko linanuka vitunguu, na kwamba nyumba aliyoolewa ndani yake ni hii, na ndimo atakamofia. Mkataba wa nyumba ya Lincoln uko juu ya jokofu la Corinne. Hajausaini wala hajautupa, na masomo yanaanza Agosti.