Folda ya Bosi

Fundi cherehani huyu watu walimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa kuwa hakuwahi kutulia. Hata chai aliinywa amesimama. Tangu mumewe aondoke ndiyo kabisa: leo kahamisha kabati, kesho kapaka mlango rangi, keshokutwa kabati limerudi lilikokuwa. Mume mwenyewe pale nyumbani aliitwa Bosi, bosi wa nani sijui. Alibeba redio, feni na mito yote, akaacha kompyuta kwa madai kwamba ni nzito.

Basi kompyuta hiyo ndiyo iliyobeba kazi ya Sindano. Michoro ya magauni, vipimo vya wateja, mikato aliyoichora na kuifuta mpaka macho yakamwuma, vyote vilikuwa humo. Ila aliyeifungua siku ya kwanza ni Bosi, kwa hiyo folda yenye kila kitu iliitwa Bosi, na kila ikiwashwa skrini inasema: Karibu, Bosi.

"Karibu Bosi, karibu Bosi! Nimechoka mimi!" akafoka asubuhi moja, peke yake sebuleni.

Na asubuhi yenyewe, jamani, ilikuwa ya kukata gauni la harusi la muuguzi wa nyumba ya pili. Kitambaa cheupe kimetandazwa mezani, bibi harusi anakuja mchana kulijaribu. Mtu mwingine angeshika mkasi. Sindano akashika kipanya. Kwa kuwa folda haikubali kubadilishwa jina ikiwa inatumika, akaingia kwa akaunti ya binti yake, akaitafuta, akafuta "Bosi", akaandika "Sindano". Akajipigia makofi. Kisha akazima, akawasha, akaingia kwenye akaunti anayoitumia siku zote, ile ya Bosi.

Lahaula! Skrini tupu. Gauni hakuna, kipimo hakuna. Kuchungulia ndani, akakuta folda mbili: Sindano, na nyingine mpya, Bosi, kana kwamba jamaa hajaondoka. Akazunguka meza, akafungua dirisha, akalifunga. Mwisho akampigia wifi yake, dada wa Bosi, fundi wa kompyuta kwenye ofisi moja. Ndoa ilikuwa imevunjika, uwifi haukuvunjika.

"Wifi, nimekwisha! Kazi yangu yote imepotea!"

"Umegusa nini?"

"Sijagusa kitu."

"Wifi!"

"Haya, nimebadilisha jina la kaka yako."

Wifi alicheka mpaka akakohoa. "Usifute kitu, nakuomba. Kompyuta imemtafuta Bosi pale ilipozoea, haikumkuta, ikamtengenezea folda nyingine, tupu. Vitu vyako vimo kwenye Sindano, salama. Rudi kwa akaunti ya mtoto. Ile tupu ipe jina lolote, halafu yako uirudishie jina la zamani."

"Niandike Bosi? Mimi?"

"Wewe. Ama sivyo haitaiona."

Mtu kaondoka na mito, halafu leo amrudishe kwa mkono wake mwenyewe! Sindano alitamani kuitupa kompyuta nje. Akatazama kitambaa cha watu pale mezani, akaandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja, akibonyeza kama anayemfinya mtu.

Akazima, akawasha. Karibu, Bosi. Na magauni yote yakarudi, la muuguzi likiwa la kwanza. Sindano akalia waziwazi, simu sikioni.

"Usilie, hatujamaliza," wifi akasema. "Sasa fungua akaunti mpya, yenye jina lako tangu mwanzo. Vilivyo vyako vihamishie huko. Vyake viache."

Akafungua. Akahamisha michoro, akahamisha vipimo, akahamisha picha za maharusi wanaocheka. Alikagua kila kimoja kwanza, asije akachukua cha mtu.

"Haya, kaka yangu kabakiwa na nini?"

Sindano akaifungua folda ya Bosi. Akatazama juu, akatazama chini.

"Hakuna kitu, wifi."

"Hata picha?"

"Hata picha. Vyote vilikuwa vyangu."

Sindano akavuta kiti, akakaa.

"Na mimi kila siku nilikuwa namwomba ruhusa ya kuiwasha kompyuta hii."