Mistari Minne Aliyoifuta Papa Shefu

Sijamsamehe, na sitaki kumsamehe. Naandika hivi nikiwa nimeshiba na nimetulia, musiseme ni hasira ya njaa.

Nilikuwa mfanyakazi wa majaribio katika biro moja, ofisi ya mizigo ya mashua zinazokwenda Moba, hapa Kalemie. Direkta alikuwa ameahidi mkataba wa kudumu kwa muntu atakayeandika programu ya kuchapa orodha za mizigo. Niliiandika mie, kwa lugha ya C, miezi mitatu, mgongo ukiniuma. Papa shefu wangu, mkubwa wangu wa kazi, mwenye mkataba wake tayari, akataka na cheo. Akafuta jina langu juu ya programu, akaweka lake. "Si sisi wote njo biro moja, Mama?" akaniambia. Jamani!

Jina halikumtosha, akaingia mpaka ndani. Programu ile ilipaswa kujua folda ya orodha iko wapi, kwa hiyo iliiuliza mashini kwa amri ya getenv: BIRO_FOLDA ni ipi? Kama muntu ameiweka, unapewa jibu. Kama hakuna aliyeiweka, unapewa NULL, yaani hakuna kitu, na ukienda kunakili hakuna kitu, programu inakufa palepale. Tena jibu linaweza kuwa refu kuliko nafasi uliyoliandalia, na strcpy, amri ya kunakili, haipimi, inamwaga tu mpaka inaharibu vya jirani. Ndiyo sababu niliandika mistari minne: miwili ya kuuliza kama jibu lipo, miwili ya kupima kama linaenea.

"Hii yote njo nini?" shefu akauliza. "Folda si iko kila siku?"

"Iko, Papa, kwa sababu mashini inafunguliwa kwa jina lako."

Na ilikuwa kweli. Kwetu hakuna muntu mwingine aliyeruhusiwa kuwasha mashini. Kila asubuhi tulisimama barazani, wazima na akili zetu, tukingoja aje aweke neno lake la siri. BIRO_FOLDA ilikuwa imewekwa kwenye akaunti yake peke yake. Nilimweleza polepole, kwa heshima zote. Akacheka mbele ya wenzangu. "Mama, hiyo ni mistari ya woga." Akaifuta yote minne huku nikiangalia.

Siku ya kuionyesha programu, direkta akasema, "Leteni kwenye mashini yangu."

Kwenye mashini ile hakuna aliyewahi kuweka BIRO_FOLDA. Amri moja tu ingetosha. Ningeiandika kabla shefu hajamaliza kupangusa miwani yake. Nikakunja mikono. Loo, utamu wake! Shefu akaifungua programu, ikafa. Akarudia, ikafa. Mara ya tatu jasho lilikuwa limefika kwenye kola.

"Nani aliandika kitu hiki?" direkta akauliza.

Shefu akaninyooshea kidole haraka. "Ni huyu Mama. Mie niliweka jina tu."

"Ndiyo, ni mie," nikasema, na watu wote walisikia. Nikachomeka flashi yangu yenye kopi ya kwanza ya programu, ile yenye mistari yangu minne, nikaifungua. Haikufa. Iliandika, "BIRO_FOLDA haijawekwa, iweke kwanza," ikajifunga kwa adabu. Nikaiweka, orodha ikatoka.

Direkta akamwomba shefu aeleze tofauti ya hizo programu mbili. Mzee akaangalia skrini, kisha akaniangalia mie nimsaidie. Nikageuka dirishani. Mwishowe direkta akamwambia akae.

Juma lile nilitia sahihi mkataba. Nilipotoka, shefu akanifuata kwenye kolido, sauti chini.

"Binti yangu, si ungeniambia tu?"

"Nilikuambia, Papa. Ulicheka."

Macho yakamlowa. Nilifurahi, na nikarudi ndani kufanya kazi.