Boksi la Usipa

Shangazi yangu, dada yake baba, analala na mlango wazi. Hata mwezi wa saba, baridi ya Mbinga inapoingia mpaka kwenye mifupa, anaweka jiwe mlangoni ili usijifunge. Mimi ndiye ninayelala naye chumba kimoja, najifunika mablanketi mawili na sweta la shule, na sijawahi kumuuliza. Kwetu mtu haulizwi mambo ya namna hiyo, na mimi hata yale yanayoulizwa huwa siulizi.

Kazi yake ni kuendesha lori la kahawa. Msimu ukiisha anakuwa dereva wa mbio. Gari lake la mbio alilinunua likiwa bovu, akalitengeneza miaka miwili na fundi mmoja wa pale mjini. Wakaling'oa siti zote wakabakiza moja, iliyobana kama sahani ya mizani. Wakafunga mabomba ya chuma ndani ili lisipondeke likipinduka. Vioo vya milangoni wakavitoa, wakaweka plastiki ngumu iliyokazwa kwa skrubu, yenye kidirisha kidogo cha kusukuma, mkono tu ndio unaopita. Nyuma, kati ya dereva na buti, wakaziba kwa bati. Baba alilizunguka mara moja akasema, "Gari lisiloweza kubeba hata debe la mahindi."

Gari hilo halina namba, kwa hiyo halitakiwi barabarani. Kwenda nalo kwenye mashindano Iringa lazima libebwe. Mwaka jana alilibeba juu ya lori la wazi, na kila liliposimama watoto walipanda, wakubwa wakachungulia, mvua ikaingia, akafika vioo vya pembeni havipo. Ndipo akaanza kutafuta tela la boksi, lenye kuta na paa na mlango wa kufunga. Mapya hatuyawezi. Tukasikia kuna moja Mbamba Bay, la mzee mwenye duka kubwa, alilokuwa akibebea usipa mkavu, wale dagaa wa ziwani, kabla hajanunua lori.

Shangazi alienda kulipima peke yake. Alipima kwa kamba yetu ile yenye mafundo tunayotumia kupanga mashimo ya kahawa. Akapima gari nyumbani, upana na urefu, akapima boksi kule, akarudi anacheka. Linaingia, na kila upande unabaki upana wa kiganja. Hata mimi nilifurahi. Hakuna aliyefikiria kwamba gari lina milango, na milango inafunguka kwa nje.

Mzee wa duka alikuwa na sharti lake. "Uje na mzigo wako uujaribu hapa hapa uwanjani kwangu. Nikishauza, sitaki mtu anirudishie tela kuniambia halimfai."

Tukateremka alfajiri. Fundi alitangulia na pikapu, mimi pembeni yake, shangazi nyuma yetu na gari la mbio, likinguruma kwenye zile kona mpaka mbuzi wakakimbilia mashambani. Karibu na chini trafiki akatusimamisha. Alikuwa mpole, na upole wake ndio uliotutisha. Akamwambia shangazi, "Dada, nimekuona unashuka. Sitaki kukuona unapanda nalo hivi. Likipanda kwa magurudumu yake, linalala kituoni." Shangazi akasema asante afande. Tangu hapo kila mtu alijua: gari lipande ndani ya boksi, au libaki ziwani na mashindano yaende bila yeye.

Uwanja wa mzee uko nyuma ya duka, unatazama maji. Boksi lilikuwa limeegeshwa kwenye kivuli, limepigwa rangi ya bluu juu ya kutu, gurudumu moja si ndugu wa mengine. Harufu ya usipa ilitupokea kabla ya mwenyewe. Nikamwamkia mzee shikamoo kwa sauti ambayo naamini hakuisikia, ila aliona midomo, akaitikia marahaba. Vijana wanne wa kubeba mizigo walikuwa wamekaa juu ya magunia wakitusubiri kama watu waliokata tiketi.

Fundi akalifunga tela kwenye pikapu. Mlango wa nyuma ukalazwa chini ukawa daraja. Shangazi akapanda nalo polepole, akiongozwa na fundi kwa vidole, na gari likaingia mpaka mwisho bila kugusa popote. Mzee akapiga makofi mawili.

"Umeona, binti yangu? Kama kisu kwenye ala. Haya vijana, fungeni tuone kama mlango unafika."

Wakaunyanyua mlango wakaubana na komeo. Injini ilikuwa bado inaunguruma mle ndani. Fundi akagonga ukuta. "Zima, dada, moshi huo." Injini ikazimika. Mzee akaanza kumweleza fundi habari za komeo, jinsi alivyolitengenezesha mwenyewe, jinsi lisivyoingiza mvua.

Ndipo nikasikia kugonga. Mara ya kwanza taratibu, kama mtu anayebisha hodi. Halafu haraka haraka.

Kijana mmoja akasema, "Mama mpangaji, kodi unalipa lini?"

"Mwache apumzike," mwingine akasema. "Amepata chumba chenye kitoweo."

Wakacheka. Hata fundi akatabasamu. Kugonga kukawa hakuna mpangilio, na mimi nikajua. Nilijua peke yangu uwanja mzima. Nikasema, "Fungueni." Nilisema kweli, lakini sauti yangu inapokuwa mbele ya wanaume inaishia kooni. Nikasema tena, mzee anaendelea na komeo lake. Basi nikafanya jambo ambalo mama angenipigia kofi: nikamshika mzee wa watu kanzu na kuivuta. Akageuka, akatazama mkono wangu, akatazama uso wangu. Sijui aliona nini.

"Fungua," akamwambia kijana. "Fungua haraka."

Mlango uliposhuka moshi ukatoka pamoja na harufu ya samaki. Tuliona buti la gari na giza.

"Toka basi, dada," fundi akasema.

"Mlango haufunguki." Sauti ya shangazi ilikuwa nyembamba. "Unagonga ukuta."

Fundi akapanda daraja. Akaingia akajaribu kupita ubavuni, bega likagoma. Ule upana wa kiganja tuliokuwa tunajisifia, hata paka angefikiri kwanza. Akashika kichwa. "Tulilipima kama gunia," akasema, si kwa mtu yeyote. Halafu akapaza sauti. "Washa urudi nyuma taratibu."

Tukasikia swichi inalia tik, tik. Betri ilikuwa ya kuazima, na asubuhi tuliliwasha kwa kusukuma.

"Sawa. Weka frii, achia hendibreki, sisi tunakuvuta."

Hatukusikia hendibreki ikianguka.

"Dada. Weka frii."

Vijana wakashika bampa wakavuta, magurudumu yakakataa. Fundi akaita tena, na safari hii hakuna aliyejibu kabisa. Vijana wakaacha kucheka. Mzee akasema wavunje kioo cha nyuma. Fundi akasema hata wakivunja, mbele yake kuna bati, na mbele ya bati kuna mabomba. Lakini akaenda kutafuta nyundo hivyo hivyo, kwa sababu mtu akiogopa hutafuta kitu cha kushika.

Nikavua kandambili. Sikuamua, au sikumbuki kuamua. Nikapanda juu ya buti, nikalala kifudifudi, nikaanza kujisukuma juu ya paa la gari. Paa la boksi lilikuwa linanikwaruza mgongoni. Kwa mara ya kwanza nilishukuru kuwa mwembamba hivi, maana shuleni wananiita ufito. Nilipofika mbele nikateremsha kichwa kwenye kioo, uso chini juu, nikamwona.

Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, macho wazi, anatazama ukuta ulio mbele ya boneti. Jasho lilikuwa linadondoka kidevuni. Pumzi zake zilikuwa fupi fupi. Hakuniona mpaka nilipopenyeza mkono kwenye kile kidirisha cha pembeni na kumgusa shavu. Akaushika ule mkono mpaka vidole vikaniuma.

"Nani?"

"Mimi, shangazi."

"Toka humu, mwanangu. Hamna hewa."

"Ipo. Nimeinusa njia nzima. Inanuka usipa."

Kitu kama kicheko kikamtoka, kikageuka kikohozi. Nikamwambia mlango wa nyuma umefunguliwa. Hakuamini, kwa sababu kioo chake cha nyuma kimezibwa na bati na hawezi kuona. Nikamwambia naona mchanga, naona maji, naona kijana mwenye kofia nyekundu anakuna tumbo. Nilikuwa sioni lolote kati ya hayo. Nilikuwa naona uso wake tu. Lakini nilitaja vyote.

"Mguu hautii," akasema.

"Uache huo mguu. Anza na hendibreki. Ni mkono tu."

Mkono mmoja hakutaka kuuachia wangu. Ule mwingine ukashuka. Nikasikia hendibreki inaanguka. Baadaye gia. Nikapiga paa kwa kiganja, wakavuta, na mimi nikatoka nimelala juu ya gari kama mzigo uliosahauliwa kufungwa.

Kabla mwanga haujamfikia, aliniambia, "Usiwaambie."

Nje, fundi akamfungulia mlango. Akatoka, akaenda kukaa juu ya magunia, mgongo kwetu. "Ilikuwaje?" fundi akaniuliza kwa sauti ya chini. Nikasema ufunguo ulianguka chini ya siti. Fundi alinitazama. Alijua, kama mimi, kwamba ufunguo ule haujawahi kutoka kwenye swichi, umefungwa na waya.

Mzee akamletea maji, akamsubiri anywe. Halafu akauliza, bila kusukuma, "Binti yangu, unalichukua, au tuliache?"

Fundi akasema ukutani tutatoboa mlango mdogo, usawa wa mlango wa dereva, kazi ya nusu siku. Mzee akasema mchomeleaji wa pale yuko msibani Liuli, hata kesho hana hakika naye. Fundi akasema basi aingize yeye leo, apande amekaa humo, mlango utatobolewa Mbinga. Akajaribu kukaa kwenye ile siti. Tumbo lilifika kabla yake. Kijana mwenye kofia nyekundu akasema, "Dada, si uingie tu wewe, mara moja, ni kama kumeza dawa."

"Siingii mle," shangazi akasema.

Akageuka akatutazama wote. Nilitamani aache. "Hakuna ufunguo ulioanguka. Huyu mtoto amenifichia. Niliogopa. Tangu mdogo siwezi kufungiwa. Nikipinduka na gari siogopi, nikifungiwa naogopa. Ndiyo hivyo."

Kijana mmoja akaguna kicheko. Mzee hakumtazama hata. "Utacheka ukishaingia wewe nikupigie komeo."

Tukakaa. Jua lilikuwa limeshavuka kichwa. Nilimwona shangazi akilitazama gari lake jinsi watu wanavyomtazama mgonjwa, na nilijua anapanga maneno ya kumwomba mzee alihifadhi pale uwanjani. Ukishaliacha gari kwa mtu, na mashindano yakapita, na baba akasema niliwaambia, halirudi tena. Hilo lilikuwa wazi kwangu kuliko kitu chochote.

"Mimi naingia," nikasema.

Safari hii ilisikika. Ilisikika mno, mpaka mzee akanyoosha shingo. Nikaendelea haraka kabla woga haujanikuta. Nikasema injini isiwashwe, wasukume kwa mikono, mimi nishike usukani na breki. Na ile plastiki ya mlangoni ifunguliwe skrubu sasa, tukiwa nje, nitatokea hapo na kupita juu ya paa kama mwanzo. Fundi akatafakari. "Huyu anapita," akasema. Shangazi akasema hapana. Halafu akauliza kama naogopa. Nikasema mle ndani hapana. Ilikuwa kweli. Mimi huwa naogopa watu, sijawahi kuogopa giza.

Fundi akatoa skrubu. Shangazi akanikalisha mwenyewe, akanisogezea mto mgongoni, akanyoosha usukani. Vijana wakaanza kusukuma. Yeye akatembea kando ya boksi kwa nje, kiganja chake ukutani, nikikisikia kinavyosuguana na bati.

"Sema kitu," akasema.

"Niseme nini?"

"Chochote. Usinyamaze. Ukinyamaza nakutoa."

Basi nikasema. Nilisema gari linaingia sawa. Nilisema boneti imebakiza kama hatua moja. Maneno yakaisha, akagonga ukuta, nikasema yaliyobaki: kwamba tangu kidato cha kwanza sijawahi kunyoosha mkono darasani, hata ninapojua jibu, na kwamba mwalimu wa fizikia anadhani ni jeuri. Kwamba blanketi la pili huwa namwibia mdogo wangu. Wanaume sita walikuwa wanasikia kila neno. "Endelea," shangazi alikuwa anasema, "endelea, nakusikia," na sauti yake ndiyo iliyokuwa inatetemeka.

Gari likagusa ubao wa mbele. Nikavuta hendibreki, nikatoka dirishani, nikapita juu ya paa. Mkono wake ulikuwa wa kwanza kunishika kifundo cha mguu.

"Kumbe anaongea," kijana wa kofia nyekundu akasema.

Shangazi na mzee wakapeana mkono, fundi akiwa shahidi. Mzee akapunguza kidogo bila kuombwa, akasema ni kwa ajili ya mlango aliosahau kuuweka. Kijana akashika mlango wa nyuma aunyanyue. Shangazi akamwambia aache. Akaunyanyua mwenyewe mpaka nusu, akasimama.

"Nani yuko ndani?"

Tukatazamana.

"Nijibuni. Mmoja mmoja, kwa sauti."

"Mimi niko hapa nje," fundi akasema. Vijana wakasema, wakianza kwa utani na kumaliza bila utani. Mzee akasema, "Nipo, binti yangu." Nikasema nipo.

Hapo ndipo alipopiga komeo.