Kila Nilichokula Nilikiandika

Mwaka jana, mwezi wa nane, nikiwa na miaka sitini na saba na wajukuu tisa, niliulizwa mimba yangu ina miezi mingapi.

Msicheke kwanza. Ngojeni niwaeleze.

Nilikuwa natoka soko la Mpanda mjini narudi kwangu Shanwe. Vumbi la mwezi wa nane mnalijua nyie wa huku. Nikajitanda kitenge kichwani, nikakivuta mpaka puani, yakabaki macho tu. Nikapanda bodaboda.

Yule kijana akawa anaendesha kama amepakia trei ya mayai. Kila shimo anasimama, analizunguka, anaomba samahani.

"Vipi, pikipiki mbovu?" nikamuuliza.

"Hapana, mama. Naogopa nisije nikakuzalisha njiani. Imefika miezi mingapi?"

Nikashusha kitenge.

Akageuka, akaniona. Kidogo atuingize mtaroni.

"Shikamoo bibi! Bibi nisamehe! Bibi, hata nauli acha!"

Nauli nilimpa. Kosa halikuwa lake. Nilipofika nyumbani nikasimama mbele ya kioo cha kabati, nikajigeuza ubavu. Kweli kabisa. Nilikuwa kama mtu aliyeficha ndoo chini ya gauni.

Tumbo hilo lilikuwa na miaka mitatu. Asubuhi limelala, unaweza kusema la msichana. Ikifika alasiri linaanza kujaa, linanguruma, linakata. Kichwa kizito, magoti yanauma, usingizi unakuja vipande vipande.

Nimepimwa malaria. Nimepimwa taifodi, minyoo, vidonda vya tumbo. Kila mara karatasi inarudi safi, na mimi narudi na tumbo langu.

Jirani yangu Specioza, mjane kama mimi, ukuta wake umegusana na wangu, ndiye aliyelipa jina. Alikuwa analiita Mgeni. Kila jioni anachungulia uani.

"Mama Celestin, Mgeni kafika?"

"Kafika."

"Umemwandalia mkeka?"

Huyo ndiye Specioza. Ukimpelekea msiba anaanza kwa kukucheka, halafu ndiyo analia.

Ingekuwa ni kuchekwa tu, nisingeandika hapa. Tatizo ni kwamba habari ya bodaboda ilifika Inyonga, kwa mwanangu Celestin anayefanya biashara ya asali. Nani aliipeleka? Mwenye simu na mdomo, ukuta kwa ukuta na mimi.

Celestin akaja Jumamosi. Hakucheka hata kidogo.

"Mama, huwezi kukaa peke yako na hali hii. Mwisho wa mwezi wa kumi nakuja na gari. Unahamia kwangu. Hapa tutatafuta mtu wa kukaa."

Jamani. Nyumba hii tofali zake nilizibeba mwenyewe, marehemu baba yake akizipanga. Kibarazani hapa ndipo ninapouzia togwa, mwaka wa kumi na nne sasa. Alfajiri napika uji wa mahindi, ukishapoa natia kimea cha ulezi, naufunika kwa kitambaa cheupe, ukitulia nauchuja kwenye ndoo ya njano. Watu wananifuata toka Kakese. Inyonga nitakuwa nani? Nitakuwa bibi wa kwenye kona, anayeulizwa kama ameshakunywa chai.

"Na nikipona?" nikamuuliza.

"Ukipona, kaa."

"Ifikapo mwisho wa mwezi wa kumi?"

"Mwisho wa mwezi wa kumi, mama."

Tukapeana mikono kama watu wanaouziana ng'ombe.

Wiki ileile nikaenda kwa Daktari Issa, kijana mpole mwenye zahanati yake ndogo jirani na kwetu. Akanipima upya, uzito, presha, damu, vyote. Halafu akaweka kalamu chini.

"Bibi, wewe nimeshamaliza kukupima. Sasa tukipime chakula."

Akanieleza taratibu. Wiki tatu niache vile vyakula vinavyosumbua matumbo ya watu wengi. Tumbo likitulia, tunarudisha kimoja kimoja, kila kimoja siku tatu, tuone kipi ndicho mwizi. Na kila nitakachokula nikiandike kwenye daftari.

"Tunaanza na maziwa. Ngano. Karanga..."

"Karanga?"

"Karanga, bibi."

"Daktari, mlenda bila karanga ni nini?"

"Ni mlenda."

"Ni maji ya kuoshea sufuria!"

Akaendelea kuandika kama hajasikia. Maharage. Mayai. Soda. Vinywaji vya kuchachuka. "Hata togwa yako, bibi."

"Hiyo wala usihangaike. Mimi huwa hata siinywi, nauza tu."

Akafurahi, akapiga mstari. Mwisho akaandika neno moja, akalizungushia duara: KUPUMZIKA. Kila siku, saa saba mpaka saa tisa mchana, nilale.

Nilikuwa naijua njaa. Kulala mchana sikuwa nakujua.

Siku ya kwanza nimejinyoosha kitandani, macho yanahesabu mabati. Nikasikia hodi. Mama wa nyumba ya tatu kapita, kaniona dirishani nimelala saa saba mchana, akaenda kutangaza kwamba nimezidiwa. Ilipofika saa nane chumba kilikuwa kimejaa watu wa pole. Na watu wa huku hawaji mikono mitupu. Mmoja kaleta chapati. Mwingine maziwa ya moto. Specioza kaleta karanga za kukaanga, akakaa miguuni kwangu akizitafuna moja moja.

"Ulizokatazwa ni hizi?" akauliza.

"Toka, we mwanamke."

"Nakusaidia kuzimaliza, zisikushawishi."

Nilivumilia. Naapa nilivumilia. Viazi vitamu, wali, samaki wa Karema wa kuchemsha, mchicha, ndizi. Nikila vipande vitatu vya kiazi naandika vitatu. Niliandika mpaka chumvi. Wiki tatu, daftari safi kama la mtoto wa mwalimu.

Na tumbo?

Tumbo lilikuwa palepale. Alasiri ikifika, Mgeni huyo.

Nikalia siku hiyo. Sijifichi. Ulikuwa mwisho wa mwezi wa tisa, umebaki mwezi mmoja. Nikaanza hata kukunja mashuka ya akiba na kuyapanga kwenye sanduku. Specioza aliniona nayakunja. Hakusema kitu, na mimi nikajua kwamba hali ni mbaya, maana Specioza alikosa la kusema.

Kesho yake Daktari Issa akapita mwenyewe kibarazani. Akalisoma daftari toka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, anakuna kidevu.

"Bibi, humu sioni kosa. Kweli sielewi. Hebu nipe togwa kikombe kimoja, nifikirie."

Nikachota. Nikapiga goti nilivyofundishwa na mama yangu. Nikanywa funda langu, nikafuta mdomo wa kikombe kwa kiganja, nikampa kwa mikono miwili.

Hakupokea.

Alikuwa ananiangalia kooni.

"Bibi, umefanya nini hapo?"

"Nimekukaribisha."

"Umekunywa."

"Sijanywa, nimeonja! Wewe ni mtu wa wapi? Utampaje mtu kinywaji hujaonja mbele yake? Atajuaje kama hujamtilia kitu?"

Maana kwetu ndivyo ilivyo. Mwenye chungu anatangulia, mgeni anaona koo likishuka, ndipo anapokea kwa moyo mweupe. Nimekua hivyo. Kuonja ni adabu, na adabu nani anaiandika kwenye daftari la chakula?

Daktari akashusha pumzi.

"Kwa siku unauza vikombe vingapi?"

"Arobaini. Siku njema hamsini."

"Na vyote unaonja?"

"Sasa nimbague nani?"

Akaomba kikombe cha maji, kimejaa. Akaniambia nionje kama ninavyowaonjea wateja. Nikaonja mara moja, mbili, tatu. Ya nane, kikombe kikawa kitupu.

Nikakiangalia. Nikakipindua. Nane kwenye arobaini... Hesabu ya darasa la tatu hiyo. Vikombe vitano kila siku ya Mungu, mimi niliyesema huwa hata siinywi!

"Wateja wameongezeka lini?" akauliza.

Kijiwe cha bodaboda kilihamia mbele ya nyumba yangu miaka mitatu iliyopita. Nilikaa chini tu.

"Hatujui bado kama ndiyo yenyewe," akasema. "Acha kuonja wiki mbili. Tuone."

Kuacha kuonja! Alisema kirahisi, kama mtu anayesema acha kuvaa viatu.

Asubuhi ya kwanza akaja Mzee Apolinari, fundi baiskeli, mteja wangu tangu ndoo ya kwanza. Nikachota, nikampa moja kwa moja. Akakishika kikombe mbali na mwili kama ameshika nyoka.

"Bibiana, mbona huonji?"

"Daktari kanikataza."

"Togwa yako mwenyewe kakukataza wewe, halafu mimi niinywe?"

Akakiweka kikombe kwenye benchi, polepole, kwa heshima, akaondoka. Mpaka saa nne Shanwe nzima ilikuwa inajua kwamba Bibi haonji tena. Vijana wa kijiwe wakawa wananisalimia kwa mbali. Ndoo ilijaa asubuhi, jioni nikaimwaga imejaa. Siku ya pili vilevile.

Nikaona nimebanwa pande zote. Nikionja, nahamishwa kwa tumbo. Nisipoonja, biashara inakufa, na Celestin ataniambia sasa unakaa hapa unafanya nini.

Siku ya tatu, saa moja asubuhi, Specioza akaja na kigoda chake kichwani. Akakiweka kando ya ndoo yangu, akakaa, akajipanga kanga.

"Mzee Apolinari!" akaita ng'ambo ya barabara. "Njoo! Koo limepatikana!"

Nikachota. Akanipokonya kikombe, akanyanyua kidevu ili watu wote waone, akapiga funda mpaka likasikika kwa fundi cherehani.

Halafu akakodoa macho. Akashika shingo. Akaegemea ukuta.

Kijiwe kizima kikasimama.

"Tamu," akasema, akafuta mdomo. "Nani anafuata?"

Watu walicheka mpaka mmoja akaangusha helmeti. Mzee Apolinari akanywa vikombe viwili, cha pili kwa ajili ya fidia. Toka siku hiyo mimi nikawa nachota, Specioza anaonja, kila siku na igizo lake. Kuna waliokuja kuangalia tu, ikabidi wanunue.

Nami saa saba nikawa nalala kweli, maana kulikuwa na mtu wa kushika ndoo. Nililala usingizi ambao sijaulala tangu nimeolewa.

Siku ya tano, alasiri ikafika. Nikamsubiri Mgeni.

Hakuja.

Siku ya sita hakuja. Wiki ya pili nikaenda kumnyang'anya mjukuu sketi niliyokuwa nimempa, nikaivaa, ikafunga. Kichwa chepesi. Magoti yanalalamika bado, lakini kwa sauti ya chini, ya uzee wa kawaida.

Tukaanza kurudisha. Maziwa, siku tatu, salama. Karanga, salama, mlenda ule niliula nimefumba macho. Chapati, salama. Mayai, salama. Mwisho Daktari akasema ninywe togwa, kikombe kimoja kizima, mbele yake.

Nilikunywa saa nne asubuhi. Saa kumi jioni nilikuwa na miezi sita.

Basi mwizi tukamjua. Siku mbili nikalala, likashuka, na mambo yakaishia hapo.

Tarehe thelathini na moja mwezi wa kumi Celestin akaja na gari. Akanikuta natwanga. Akanizunguka kama mtu anayekagua kiwanja.

"Mama, tumbo liko wapi?"

"Nimejifungua."

Hapo ndipo alipocheka, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nane. Nikamsimulia yote, kikombe kwa kikombe. Akakubali, neno lake ni neno. Lakini nikamwona anakuna kichwa, anaangalia kule kibarazani ambako Specioza alikuwa anamtania mteja.

"Sasa mama, yule nitamwambia nini?"

"Nani?"

"Mama Specioza. Nilishamwahidi nyumba. Paa lake si unajua linavuja, mwenye nyumba wake hataki kulitengeneza. Tulikubaliana toka ile Jumamosi, ukiondoka tu yeye anahamia humu, na biashara ya togwa anaichukua. Hakukwambia?"

Mchi ukanisimama mkononi.

Miezi miwili. Nilikuwa nakunja mashuka mbele yake. Alichotakiwa kufanya ni kukaa kwake tu na kunyamaza, nyumba na ndoo vingemwangukia mikononi.

Nikatoka kibarazani.

"Specioza, ni kweli?"

Akajua nauliza nini. Hakugeuka, akawa anasuuza kikombe ambacho kilikuwa safi tayari.

"Nilishachagua na rangi ya pazia," akasema. "Kijani."

"Sasa kwa nini?"

"We nawe. Ukienda Inyonga nitamcheka nani? Wale wapangaji wa nyumba ya tatu hawana hata tumbo."

Halafu akalia. Nami nikalia. Mteja akauliza kama togwa ipo au haipo, tukamfokea wote wawili.

Leo ninavyoandika, Specioza anaishi chumba changu cha mbele. Pazia la kijani limetundikwa, baya kweli. Togwa ni yetu sote, mimi mkono, yeye koo.

Ndugu zangu mnaosumbuliwa na mwili miaka nenda rudi, sisemi mwache togwa. Mwizi wangu si lazima awe wako, na msijikatie vyakula bila mtu wa tiba kuwaongoza. Ninachosema ni hiki: mkishaandika vyote mnavyokula, kaeni na mtu awaangalie siku nzima, awaambie vile ambavyo hamkuviandika kwa sababu mmevizoea. Mkipata anayewacheka wakati anawaangalia, msimfukuze. Mpeni chumba.