Springi Alizokata Ndugu Yangu

Kazi yangu ni matairi. Nina banda kando ya barabara kuu hapa Migori, na mteja mgeni akinikuta nimeinama juu ya gurudumu huuliza fundi yuko wapi. Namwambia aegeshe gari tu. Akiondoka huwa ameshasahau kwamba aliuliza.

Ndugu yangu anakaa Homa Bay. Amenizidi miaka miwili, na tangu tukiwa wadogo huko Magunga alikuwa mtu wa kusema na mimi mtu wa kupima. Siku moja ya mvua gari dogo la wazi, la viti viwili, jekundu, lilikwama kwenye tope jeusi karibu na kwetu likielekea mbugani. Mimi, yeye na Mama tulilisukuma. Lilipochomoka, gurudumu la nyuma lilimrushia Mama tope usoni na kifuani, na mwenye gari akaenda zake bila hata kupunga mkono. Mama alijifuta kwa leso akacheka. Ndugu yangu hakucheka. Alisema, "Mama, siku moja utakaa ndani ya gari kama lile, na mimi ndiye nitaendesha."

Alisema hivyo miaka mingi. Wengine wetu tulimwacha aseme.

Kisha akaanza kulitengeneza kweli. Alipata pikapu kuukuu ya Kijapani iliyogongwa ubavuni, akatoa mwili wote akabakiza fremu ya chini, injini na gia. Huko Homa Bay yuko mzee mmoja anayeunda mashua za faibaglasi za wavuvi, na ndugu yangu alimbembeleza mpaka akakubali kuunda mwili wa gari la mtindo wa zamani, boneti ndefu, taa za mviringo, mlango mfupi ambao mkono wako unaweza kulala juu yake. Mzee alikuwa na mikono mizuri. Nilipouona ule mwili kwa mara ya kwanza, umelazwa katikati ya mashua mbili zilizopinduliwa, niliupitishia kiganja kutoka boneti hadi nyuma.

"Nyamera," ndugu yangu akaniambia, yaani dada yangu, "hapa mimi nimefika. Magurudumu, matairi na kimo, hayo ni yako. Sina mtu mwingine."

Nilifurahi. Lazima niseme hivyo, kwa sababu bila hiyo furaha yaliyofuata yasingeniuma.

Yeye alitaka rimu pana za kung'aa, inchi kumi na saba, na tairi jembamba ubavuni kama utepe. Nilimwambia magari yale ya zamani hayakuwa hivyo. Yalikuwa na rimu ndogo na tairi lenye ubavu mrefu, na huo ubavu ndio unaomeza mawe kabla jiwe halijafika mgongoni kwa mtu. Hakuamini. Basi nikatafuta katoni la friji, nikakata miduara miwili, mmoja wa kipimo chake na mmoja wa kipimo changu, nikaisimamisha ndani ya madigadi. Wake ulipogeuzwa kama unavyokata kona, ukingo uligusa faibaglasi. Wangu ulizunguka bila kugusa kitu. Tukakubaliana inchi kumi na tano. Nilizitafuta rimu nne za chuma kwa wauza vyuma vya zamani wa Rongo na Migori, nikazinyoosha moja moja, nikazipaka rangi ya fedha mimi mwenyewe.

Kimo ndicho kilituchukua wiki tatu. Gari la aina ile ni lazima liwe chini, vinginevyo halipendezi. Lakini sisi hatukuwa tunalijengea barabara ya lami peke yake. Tulilijengea Mama, na kwa Mama unafika kwa barabara ya murram yenye mawe na makorongo. Niliona kubishana hakutusaidii. Nilikata matete matatu, nikayafunga chini ya pikapu yangu ya kazi yakining'inia kwa urefu tofauti. La kwanza lilibakiza kiganja kimoja kutoka ardhini, la pili kiganja na vidole viwili, la tatu shubiri nzima. Nikaenda Magunga na kurudi. La kwanza lilivunjika mapema sana. La pili lilirudi nusu. La tatu lilirudi zima, lina vumbi tu.

"Shubiri?" ndugu yangu akasema. "Litaonekana kama mbuzi amepanda juu ya jiwe."

Tulikata maneno kwenye shubiri kasoro vidole viwili, watu wakiwa wamekaa ndani. Tuliweka gunia la mahindi kwenye kila kiti, la kulia likiwa zito kidogo kwa sababu ndugu yangu ana tumbo, nami nikalala chini na futi ya kupimia. Springi nilizichagua kwa uzito huo. Shoki pia. Korongo baya lililo pale unapoingia kwa Mama nililijaza mawe mwenyewe Jumapili moja pamoja na majirani wawili. Gari liliposimama kwa mara ya kwanza kwenye magurudumu yake, yule mzee wa mashua alilizunguka mara mbili akasema, "Hili limekaa kama mnyama aliye tayari kukimbia." Ndugu yangu alinishika bega. Macho yake yalikuwa na machozi, na siamini alikuwa anaigiza. Mpaka leo siamini.

Tulipanga Jumamosi. Yeye angetoka Homa Bay asubuhi, mimi ningetoka Migori na pikapu, tukutane kwa Mama, na Mama angepanda. Mama aliambiwa. Alinipigia simu Alhamisi kuniuliza kama kwenye gari la wazi mtu hufunga kitambaa kichwani ama huacha upepo. Nikamwambia afunge.

Ijumaa jioni ndugu yangu akapiga. Gia imekwama, alisema. Gari liko juu ya mawe, halitembei wiki hii. Sauti yake ilikuwa ya haraka. Nilimwambia pole, omera, yaani ndugu yangu, nitazungumza na Mama. Nikampigia Mama, akasema haidhuru.

Asubuhi niliamua nisimwache ndugu yangu ahangaike na gia peke yake. Nilipakia jeki kubwa na vifaa vyangu nikaenda Homa Bay. Nilimkuta mzee wa mashua anasugua ubavu wa mashua kwa msasa.

"Umekuja kuangalia maonyesho?" akaniuliza.

"Maonyesho gani?"

Aliacha kusugua. "Gari iko uwanjani tangu asubuhi. Kwani hakukuambia?"

Nyuma yake, chini ya mashua iliyopinduliwa, niliona magurudumu yangu manne, yamepangwa moja juu ya jingine. Juu yake kulikuwa na vipande vya springi vilivyokatwa kwa moto, mzunguko mmoja na nusu kila kipande.

Uwanja ulikuwa umejaa. Kulikuwa na magari ya kila aina yaliyosafishwa mpaka yanaumiza macho, muziki, watoto juu ya mabega ya baba zao. Gari letu lilikuwa katikati, na watu wengi zaidi walikuwa pale. Lilikuwa limelala chini, tumbo karibu na nyasi, kwenye rimu pana za kung'aa za inchi kumi na saba. Nitasema ukweli: lilipendeza. Lilipendeza kwa namna ya kitu ambacho hakiendi mahali.

Mtangazaji wa redio alikuwa amemwekea ndugu yangu maikrofoni mdomoni. Nilisimama nyuma ya mwanamume mrefu, nikasikia kila neno kwenye spika.

"Na kimo ulijuaje?" mtangazaji aliuliza.

"Nilikata matete matatu," ndugu yangu alisema. "Nikayafunga chini ya pikapu, kila moja na urefu wake. Nikaenda mpaka Magunga kwa mama yangu na kurudi. Lile lililorudi zima, ndilo lilinipa kipimo."

Watu walipiga makofi. Mwanamume aliye mbele yangu alisema, "Huyu jamaa ana akili." Mtangazaji akauliza ni nani alimsaidia.

"Mwili ulitengenezwa na mzee mmoja wa hapa. Hayo mengine, peke yangu."

Rimu nilizielewa. Hata springi ningeweza kuzielewa, mtu hupenda kupendeza. Lakini ile safari ya Magunga niliifanya mimi. Nililala mimi chini ya pikapu nikifunga zile kamba. Na aliisimulia vizuri, kwa zile ishara zangu za mkono, akiwa amesimama kando ya gari ambalo lisingeweza kufika hata nusu ya njia hiyo.

Nilingoja mtangazaji aondoke. Ndugu yangu aliponiona alitabasamu kwanza, kisha tabasamu likakaa usoni bila kazi.

"Nyamera, tafadhali," alisema kwa Kijaluo, polepole. "Usiniaibishe hapa."

"Mama amefunga kitambaa," nilimwambia. "Leo asubuhi, hata baada ya kuambiwa huji. Jirani amenipigia simu."

Aliangalia viatu vyake. "Kuna watu wawili wanataka niwatengenezee kama hili. Nikisema ni dada yangu aliyepima, watakuja kwako. Mimi nitabaki na nini? Wewe una banda. Una jina. Mimi nimekuwa mtu wa maneno maisha yangu yote."

Niliinama, nikaingiza mkono ndani ya madigadi ya mbele. Faibaglasi ilikuwa imelika, na kwenye ubavu wa tairi kulikuwa na mstari uliochimbika.

"Linasugua," nilisema. "Ukipakia mtu wa pili na kukata kona, tairi litapasuka. Usimpakie mtu. Lirudishe kwa mzee polepole, uko peke yako ndani."

"Sawa, sawa," alisema, lakini tayari alikuwa anamtazama mtu aliyekuwa nyuma yangu.

Nilikwenda Magunga. Mama alinipa chai, na sikumwambia. Nilikuwa nimeinua kikombe cha pili simu ilipolia. Ndugu yangu alikuwa amempakia mmoja wa wale waliotaka gari, wakaenda kidogo kwenye barabara ya Rongo. Kwenye tuta, tairi la kushoto lilipasuka. Hakuna aliyeumia. Gari lilikuwa limeteleza hadi kwenye nyasi, na sauti ya ndugu yangu ilikuwa ya mtoto.

Nilienda. Nilipitia kwa mzee nikapakia yale magurudumu yangu manne. Springi za kurudisha hazikuwepo, kwa hiyo niliweka vipande vya mpira mgumu kati ya mizunguko iliyobaki ili lipande kidogo, nikafunga magurudumu, nikakaza nati moja moja. Yule mteja alikuwa ameshaondoka kwa bodaboda. Ndugu yangu alishika jeki, akanipa spana kabla sijaomba, kama tulivyozoea. Nilipomaliza alisema, "Asante, nyamera. Nitarekebisha. Nitawaambia redioni."

"Hutawaambia," nilisema. Sikusema kwa hasira. Nilikuwa namjua.

Hakuwaambia. Alitengeneza springi, akaliinua gari, na miezi miwili baadaye alimpeleka Mama hadi Sindo na kumrudisha. Mama alifurahi sana. Ndugu yangu hakunialika, nami sikuuliza siku. Niliona picha.

Huwa tunakutana kwa Mama. Tunasalimiana, tunazungumza mvua na ada za shule. Mama anajua kuna kitu, ameniuliza mara moja, nikamwambia ni mambo ya kazi. Mwezi uliopita ndugu yangu alikuja Migori, mara ya kwanza tangu siku ile. Alisimama mlangoni pa banda na karatasi mkononi, vipimo vya gari la pili.

"Madigadi ya hili ni membamba zaidi," alisema. "Nilitaka tu uangalie. Rimu gani itaingia."

Nilikuwa natoa tairi la lori kwenye rimu yake. Niliiangalia karatasi kwa mbali. Niliona kosa hata kutoka pale, kwenye mstari wa tatu, na mdomo wangu ulifunguka wenyewe. Niliufunga.

"Tafuta mtu mwingine," nilimwambia.

Alisubiri kidogo, labda akidhani kuna sentensi nyingine inakuja. Kisha alikunja ile karatasi mara mbili, akaitia mfukoni, akavuka barabara kwenda kutafuta gari la kumrudisha Homa Bay. Dereva wa lori aliniuliza kama yule alikuwa mteja.

"Ni ndugu yangu," nilisema, nikamwomba anipe nyundo.